Girmay alipoamua kurudi Asmara: uchambuzi wa kisa cha msimu wa 2022

Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 27 Machi 2022, Ubelgiji ilisogeza saa zake mbele, kama nchi nyingi za Ulaya zinavyofanya kila mwaka mwishoni mwa Machi. Waendesha baiskeli waliolala katika hoteli za Flanders wakaamka wamepungukiwa saa moja ya usingizi, wakala wali na uji wa shayiri, wakapanda mabasi ya timu zao kwenda Ypres. Huko ndiko mbio za Gent–Wevelgem zilikoanzia mwaka ule, na zilikuwa za kilomita karibu 249. Kati yao alikuwamo kijana wa Eritrea, Biniam Girmay wa timu ya Intermarché, aliyebakiza siku sita tu atimize miaka 22. Ratiba yake ya awali haikuwa na mbio hizo. Mpango ulikuwa ashindane katika mbio za E3 kule Harelbeke siku ya Ijumaa, kisha afunge virago arudi kwao. Siku chache kabla, alipoonekana miguu yake ina nguvu, ndipo wakakubaliana aongeze siku moja ya kazi.

Wengi mnajua kilichotokea. Watu wanne walilitoroka kundi kuu: Wabelgiji wawili, Dries Van Gestel na Jasper Stuyven, Mfaransa Christophe Laporte, na Girmay. Pale Wevelgem Girmay alianza mbio za kumalizia mapema kuliko wenzake walivyotarajia, Laporte akamfukuza hadi kwenye mstari asimpate. Hapakuwa na Mwafrika aliyewahi kushinda mbio kubwa kama ile katika barabara za mawe za Ubelgiji.

Kisa ninachotaka kukichambua kinaanzia pale alipovuka mstari. Wiki moja mbele, tarehe 3 Aprili, kulikuwa na Ronde van Vlaanderen, mbio ambazo kwa Mbelgiji ni sikukuu ya taifa. Hapa una mtu aliyetoka kuwashinda mabingwa wa nyumbani kwenye barabara zao, yuko katika hali bora ya maisha yake, na waandishi wote wanamuuliza swali moja: utabaki? Akajibu kwamba amekuwa mbali na mke wake na binti yake kwa karibu miezi mitatu, na kwamba anakwenda nyumbani kama ilivyopangwa. Timu nayo haikumng'ang'ania.

Mashabiki wengi waliona ni nafasi ya dhahabu iliyoachwa ipite, na waliompenda walisema ni uamuzi wa moyo. Mimi nauona kuwa uamuzi wa kitaalamu, pengine bora kuliko wote uliofanywa kwenye mchezo huo msimu ule. Ili kuuelewa ni lazima kwanza tuangalie msimu wa baiskeli unavyomsafirisha mtu, maana safari ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo haionekani kwenye televisheni.

Mchezo usio na uwanja wa nyumbani

Mchezaji wa mpira hucheza mechi moja ugenini na nyingine nyumbani, na akimaliza ile ya nyumbani analala kwake. Mwendesha baiskeli hana mechi ya nyumbani. Msimu wa ngazi ya juu huanza Januari, huko Australia na kwenye visiwa vya Hispania, na hauishi mpaka Oktoba. Girmay mwenyewe mwaka ule alikuwa ameshashinda mbio moja Mallorca mwishoni mwa Januari. Mwezi Machi alishika nafasi ya 12 Milano–Sanremo, kilomita 293 kwa siku moja, na nafasi ya 5 katika E3. Ukisoma orodha hiyo unaona matokeo. Kati ya jina na jina kuna viwanja vya ndege, mabasi, vitanda vigeni, na sanduku ambalo halifunguliwi likaisha.

Timu moja huwa na waendeshaji wasiozidi 30, na mara nyingi inashiriki mbio mbili au tatu kwa wakati mmoja katika nchi tofauti. Mafundi, wakandaji, madereva na wapishi hugawanywa vivyo hivyo. Mwendeshaji kwa kawaida hushindana siku kati ya 60 na 80 kwa mwaka. Mtu wa ofisini anaweza kuona ni siku chache, lakini kila mbio ya siku moja ina siku ya kufika, siku ya kuikagua njia na siku ya kuondoka. Ongeza kambi za mazoezi, vipimo vya afya na siku za wadhamini, utaona kwa nini mwendeshaji akiulizwa anaishi wapi, hufikiri kidogo kabla ya kujibu.

Katika mbio za wiki tatu hali huwa nzito zaidi. Tour de France au Giro d'Italia ni hatua 21, kila hatua mbio ya siku moja, na siku chache za mapumziko, na karibu kila usiku ni hoteli mpya. Waandaaji ndio wanaogawa hoteli, kwa hiyo leo unaweza kulala pazuri, kesho ukapewa chumba kilicho juu ya barabara kuu. Mwaka 2015 timu ya Sky ilijaribu kumlaza kiongozi wake wa Giro, Richie Porte, ndani ya gari la kulala ili awe na kitanda kilekile kila usiku. Shirikisho la dunia, UCI, likapiga marufuku: wote walale katika hoteli zilizotolewa na waandaaji. Nawaelewa, kwa sababu vinginevyo timu tajiri zingenunua usingizi na maskini zikakosa. Ila marufuku yenyewe inaonyesha jinsi kulala kunavyohesabika. Kama kitanda kisingekuwa na uzito kwenye matokeo, nani angehangaika kukitungia kanuni?

Kuna mzigo mwingine ambao mashabiki hawausikii. Mwendeshaji wa ngazi hii analazimika kutoa taarifa ya mahali atakapokuwa kila siku, pamoja na saa moja maalumu ambayo wapimaji wa dawa za kusisimua misuli wanaweza kumkuta bila kukosa. Akikosekana, au taarifa ikiwa na kasoro, mara tatu ndani ya miezi 12, anaweza kufungiwa hata kama hajawahi kugusa dawa yoyote. Sasa fikiria mtu ambaye mpango wake umebadilishwa siku mbili kabla. Tiketi imebadilika, hoteli imebadilika, uwanja wa ndege umebadilika, na kabla hajalala ni lazima akumbuke kubadilisha na taarifa ile. Ndege ikichelewa Istanbul au Cairo, wasiwasi si wa kukosa usafiri tu.

Ramani mbili

Hapa ndipo kisa cha Girmay kinapoachana na cha Laporte au Stuyven. Wote wanne waliofika pamoja Wevelgem walikuwa wamefanya kazi ileile kwa saa zilezile. Kutoka Harelbeke, ilikoishia E3 siku ya Ijumaa, hadi Wevelgem ni kilomita zisizofika 20. Jumatano iliyofuata kulikuwa na mbio Waregem, na Jumapili ile Ronde, iliyoanzia Antwerp. Mbelgiji anayeshindana katika wiki hizo anaweza kula chakula cha jioni kwake, akamlaza mtoto wake, akafua nguo zake mwenyewe, akaamka kwenye kitanda chake. Kwake, wiki hizo za barabara za mawe ndizo wiki anazokaa nyumbani kuliko zote mwaka mzima. Hata Mfaransa akitaka, anapanda treni.

Kutoka Brussels hadi Asmara ni takriban kilomita 5,000, na ni lazima ubadilishe ndege njiani. Huwezi kwenda kwa siku mbili ukarudi. Kwa hiyo Mwafrika wa Mashariki kwenye timu ya Ulaya hana kile ambacho wenzake wanakiita mapumziko kati ya mbio. Ana hoteli, au nyumba ya kupanga, au kambi. Mazoezi anafanya, chakula anapata, wala hadhulumiwi na mtu. Lakini wakati wenzake wanatoka kazini na kurudi kazini, yeye yuko kazini tangu Januari. Wazee walisema mtembezi hula miguu yake, na sijui kama kuna kazi ambayo maneno hayo yanaiingia vizuri kuliko hii.

Halafu kuna pasipoti. Viza fupi ya nchi za Schengen inakupa siku 90 katika kila siku 180, na msimu wenyewe ni wa miezi kumi. Mwendeshaji kijana kutoka Eritrea, Rwanda au Uganda anayetaka kuishi kwa mchezo huu anahitaji kibali cha ukaazi, mwaliko wa kila mbio iliyo nje ya eneo hilo, na mtu ofisini anayejua kujaza fomu hizo mapema. Mwenzake wa Ghent anahitaji kitambulisho. Vipaji vingi vya kwetu huishia kwenye dirisha la ubalozi, na habari zao hazifiki kwenye kurasa za michezo kwa sababu mtu ambaye hakuanza mbio hana nafasi ya kuandikwa.

Hesabu ya siku 39

Turudi kwenye ile Jumapili jioni. Timu ilikuwa na sababu nzito ya kumbakisha. Mwaka 2022 ulikuwa wa mwisho katika hesabu ya pointi ya miaka mitatu ambayo ingeamua timu zipi zibaki daraja la juu. Intermarché iliingia daraja hilo mwaka 2021 tu, na bajeti yake haikuwa ya matajiri. Pointi za Ronde ni nyingi. Mkurugenzi wa michezo anayemuacha mshindi wa juzi apande ndege, wakati pointi zinagawiwa wiki ijayo, anahitaji ujasiri.

Hoja ya upande wa pili ilikuwa nyepesi kuisema: ni wiki moja tu. Ameshakaa karibu miezi mitatu, siku saba ni nini? Lakini weka kalenda mezani. Lengo kubwa la Girmay lililofuata lilikuwa Giro d'Italia, iliyopangwa kuanza Budapest tarehe 6 Mei. Akiondoka Jumatatu ya tarehe 28 Machi, ana siku 39. Akiondoka siku baada ya Ronde, ana 32. Toa siku za safari kwenda na kurudi. Toa wiki moja ya kupumzika kwelikweli, ambayo mwili uliotoka kwenye mbio ndefu za Machi unaidai. Toa takriban wiki tatu za mazoezi ya mwinuko, muda ambao damu inahitaji ili ijenge chembe nyekundu za kutosha, halafu siku kadhaa za kuzoea tena kasi ya mashindano. Kwenye 39 vyote vinaingia. Kwenye 32 ni lazima kimoja kikatwe, na kinachokatwa siku zote ni kupumzika, kwa sababu ndicho kisichoonekana kwenye kompyuta ya kocha.

Tena Ronde ni zaidi ya kilomita 270, naye alikuwa hajawahi kushindana humo. Ingemchosha hata kama angeshika nafasi ya 30. Na timu haikubaki mikono mitupu: Alexander Kristoff, aliyewahi kuishinda Ronde mwaka 2015, alikuwepo, na siku tatu baada ya Ronde ya 2022 akaishindia Intermarché mbio za Scheldeprijs.

Kuna jambo lingine ambalo wachambuzi wa Ulaya hawakulipa uzito. Asmara iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300. Kila mwaka timu za Ulaya hutumia fedha nyingi kuwapeleka waendeshaji wao kwenye hoteli iliyo kando ya mlima Teide kisiwani Tenerife, kama mita 2,150 juu ya bahari, au Sierra Nevada kusini mwa Hispania, ili wakae wiki mbili tatu kwenye hewa nyembamba, mbali na familia zao. Kambi ya Girmay ni nyumba yake. Kile ambacho wenzake wanakifuata kwa kuongeza safari, yeye anakipata kwa kupunguza safari, tena akiwa na mke na mtoto mezani. Na tofauti ya saa kati ya Ubelgiji na Asmara, baada ya saa zile kusogezwa mbele, ilikuwa moja tu. Mwili haukuwa na usiku wa kugeuza. Moyo na maabara vilikuwa vinataka kitu kimoja, jambo lisilotokea mara nyingi katika michezo.

Haikuwa likizo tulivu, hilo niliseme. Asmara ni mji wa baiskeli jinsi miji yetu mingine ilivyo ya mpira, na alipofika alipokewa kama shujaa, watu wamejaa barabarani. Nyumbani nako kuna kazi yake: ndugu wa kuwasalimia, wazee wa kuwatembelea, watoto wanaotaka kugusa baiskeli. Lakini ni uchovu wa aina nyingine. Mtu anayechoshwa na watu wanaomjua kwa jina la nyumbani halali usingizi sawa na anayechoshwa na korido za hoteli.

Kutoka Visegrád hadi Jesi

Giro ya 2022 ilianza kwa siku tatu nchini Hungaria. Siku ya kwanza kabisa, kwenye kilima cha Visegrád, Girmay alishika nafasi ya 2 nyuma ya Mholanzi Mathieu van der Poel. Baada ya siku hizo tatu msafara mzima ulihamishwa kwa ndege hadi Sicilia, na siku iliyoitwa ya mapumziko ikaliwa na uhamisho huo. Kesho yake walikuwa wanapanda Etna. Kutoka hapo wakaenda Messina, wakavuka kuingia Calabria, wakapita Napoli na mlima Blockhaus, wakafika pwani ya Adriatiki. Siku kumi na mbili, nchi mbili, kisiwa kimoja.

Tarehe 17 Mei, hatua ya 10, Pescara hadi Jesi, kilomita 196. Walikutana tena yeye na Van der Poel kwenye mita za mwisho, na safari hii Van der Poel ndiye aliyeishiwa, akamnyooshea kidole gumba akiwa bado juu ya baiskeli. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika moja ya mbio tatu kubwa za wiki tatu. Dakika chache baadaye, jukwaani, kizibo cha chupa ya mvinyo kikaruka na kumpiga kwenye jicho la kushoto. Akapelekwa hospitali. Asubuhi yake hatua ya 11 ilianza Santarcangelo di Romagna bila yeye. Magari ya timu yakapakia, wenzake wakapanda basi, msafara ukaendelea kaskazini.

Nimejaribu kuwa mwangalifu na sehemu hii. Ushindi wa Jesi hauthibitishi kwamba kurudi nyumbani Aprili kulikuwa sahihi. Pengine angeshinda hata angepitia Ronde. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa. Na jioni ile ya Machi yaliyojulikana yalitosha: kijana wa miaka 21, miezi karibu mitatu ugenini, Giro mbele yake, mwinuko nyumbani kwake, tofauti ya saa moja, na timu yenye mtu mwingine wa kupeleka Ronde. Ningekuwa mkurugenzi ningempeleka uwanja wa ndege mwenyewe.

Septemba, bila Asmara katikati

Msimu uleule unatupa picha ya upande wa pili. Tarehe 9 Septemba Girmay alikuwa Québec, Kanada, akashika nafasi ya 3. Tarehe 25 Septemba alikuwa Wollongong, Australia, kwenye mashindano ya dunia. Siku 16 kati ya mji na mji wenye tofauti ya saa 14. Kanuni ambayo watu wa michezo huitumia ni kwamba mwili unahitaji karibu siku moja kwa kila saa inayobadilika. Fanya hesabu mwenyewe uone zinabaki siku ngapi za kufanya mazoezi ya maana.

Sitasema safari ndiyo iliyomnyima medali. Mbelgiji Remco Evenepoel alishinda peke yake siku ile kwa nguvu isiyo na mjadala, na wapinzani wote walikuwa wamesafiri. Lakini mashindano ya dunia yana jambo lake. Pale mwendeshaji anavaa jezi ya nchi, na timu inayomlipa, yenye mabasi na mafundi na wapishi, inakaa kando. Mbelgiji anahama kutoka mashine moja kubwa kwenda nyingine kubwa. Mwana wa Eritrea anahamia kwenye shirikisho ambalo linahesabu nauli ya kila kichwa na sanduku la kila baiskeli.

Septemba 2025 mashindano hayo yalikuja Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, kwenye vilima vya mita kama 1,500 juu ya bahari. Miezi kabla, mashirikisho kadhaa ya Ulaya yalitangaza kupunguza vikosi vyao vya vijana, na gharama ya safari ikatajwa kati ya sababu. Niliposoma hayo nilikumbuka Leuven mwaka 2021, Girmay alipochukua medali ya fedha ya waendeshaji wa chini ya miaka 23, medali ya kwanza ya mbio hizo za dunia kwenda kwa Mwafrika mweusi. Ziliandikwa habari nyingi jioni ile. Sikumbuki kuona mtu akiuliza Eritrea ililipaje nauli ya kufika pale.